Wiki 12 za kuusoma mji kwenye skrini: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka: kozi hii ya sosholojia ya miji inafaa, ila si kwa sababu ya zile video zinazosifiwa kwenye tangazo lake. Kilichonifanya niimalize ni kazi moja ya wiki ya sita, iliyonitoa chumbani nikakae saa nzima karibu na kituo cha basi bila kugusa simu. Mengine ni mchanganyiko wa mazuri na ya kuudhi, na nitayasema yote.

Chuo sitakitaja. Ni kozi ya chuo kikuu, wiki 12, kila kitu mtandaoni: mihadhara iliyorekodiwa, makala za kusoma, jaribio fupi kila wiki, jukwaa la majadiliano, na insha tatu, mbili kati yake zikisahihishwa na wanafunzi wenzako. Kusikiliza tu ni bure. Ukitaka alama zinazohesabika kwenye shahada pamoja na cheti chenye jina lako, unalipa. Mimi nililipa. Sosholojia sikuwahi kuisomea. Kazi yangu ni ya mahesabu ya ofisini, na nilijiunga kwa kuwa nilichoka kulalamikia foleni za magari na kodi za nyumba bila kujua vinatokana na nini.

Wiki mbili za mwanzo zinakwenda mbio. Unaambiwa kwamba mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria asilimia 55 ya watu duniani wanaishi mijini, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa asilimia 68. Kisha unarudishwa ghafla hadi Manchester ya Friedrich Engels, mwandishi Mjerumani aliyeeleza mwaka 1845 jinsi barabara kuu za mji ule wa viwanda wa Uingereza zilivyozibwa kwa maduka pande zote mbili, hata tajiri akawa anaweza kwenda kazini na kurudi miaka nenda miaka rudi asiuone mtaa wa wafanyakazi wake. Hapo nilisimamisha video. Jambo hilo nimelipita kwa miguu yangu mara nyingi, nikadhani ni bahati tu ya jinsi majengo yalivyokaa.

Skrini inalishinda darasa kwenye jambo moja, nalo ni ramani. Charles Booth, mtafiti wa hali za maskini, alianza kuchapisha ramani zake za umaskini wa London mwaka 1889, kila mtaa ukipakwa moja ya rangi saba: nyeusi kwa waliohesabiwa kuwa wa chini kabisa, bluu kwa maskini, hadi njano kwa matajiri. Kwenye karatasi ya kitabu utaona mabaka tu. Kwenye kompyuta nilizikuza, nikawa natembea uchochoro kwa uchochoro, nikakuta vipande vyeusi vimejibanza nyuma ya barabara nyekundu za wenye uwezo, hatua chache tu. Zoezi lilikuwa la dakika 20. Nililala saa nane za usiku.

Baada ya hapo inakuja Chicago, na haiondoki. Mhadhiri anaipenda Chicago kupita kiasi. Sababu yake naielewa: mji uliokuwa na watu wasiofika 5,000 mwaka 1840 ulivuka milioni moja mwaka 1890, na kina Robert Park na Ernest Burgess, wanasosholojia waliokuwa wakifundisha pale pale, waliugeuza kuwa maabara yao. Mchoro wa Burgess wa mwaka 1925 utauota usingizini: duara ndani ya duara, katikati biashara, kisha ukanda wa mpito wenye vyumba vya kupanga na wahamiaji wapya, kisha nyumba za wafanyakazi, kisha za wenye nafasi zaidi, na mwisho kabisa wanaosafiri kila siku kuja kazini. Unavutia kwa sababu ni rahisi kuukariri. Lakini Chicago yenyewe iko kando ya Ziwa Michigan, kwa hiyo karibu nusu ya duara hizo ingeangukia majini! Mwanafunzi mmoja aliuliza hilo jukwaani wiki ya tatu. Mpaka nafunga kozi, swali lake lilikuwa halijajibiwa na mwalimu yeyote.

Hapa ndipo lilipo dukuduku langu kubwa kuhusu maudhui. W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia mweusi wa Marekani, alikwenda nyumba kwa nyumba katika Wadi ya Saba ya Philadelphia akiwahoji wakazi weusi, akatoa kitabu mwaka 1899, miaka 26 kabla ya mchoro wa Burgess. Alihesabu watu, akachora ramani, akaeleza kwamba hali ile ilitokana na ubaguzi kwenye ajira na makazi, wala si maumbile ya watu. Katika kozi hii amepewa video ya dakika 11, wiki ya tisa, chini ya kichwa "mitazamo mingine". Nililipia kozi ya chuo kikuu, nina haki ya kuuliza kwa nini aliyetangulia awekwe foleni nyuma ya waliokuja baadaye. Niliuliza kwenye fomu ya maoni. Nikajibiwa na mashine: asante kwa maoni yako.

Sasa lile la kunichekesha, ingawa siku yenyewe sikucheka. Wiki ya nne ni ya mwanasosholojia Mjerumani Georg Simmel na mhadhara wake wa mwaka 1903 kuhusu mji mkubwa na akili ya mkazi wake. Simmel anasema mji unamrushia mtu vichocheo vingi mno kila dakika, kwa hiyo anajijengea ngozi ngumu, anakuwa baridi, anapima kila kitu kwa hesabu. Anasema pia kwamba mji unaendeshwa na saa: saa zote za Berlin zikikosea kila moja kivyake, hata kwa saa moja tu, shughuli zote zitavurugika kwa muda mrefu. Niliandika insha nzuri sana juu ya jambo hilo. Nikaipitia mara mbili, nikabonyeza kitufe cha kutuma saa tano na nusu usiku nikijua nimebakiwa na nusu saa. Dirisha lilikuwa limeshafungwa. Saa sita usiku waliyoiandika ni ya chuoni kwao, na kwao ilikuwa imepita zamani. Nikakatwa asilimia 20 kwa kuchelewesha insha inayohusu saa. Msimamizi niliyemwandikia alijibu kwa upole kwamba maelezo yapo kwenye mwongozo wa kozi. Ni kweli yapo, ukurasa wa 14, kwa herufi ndogo.

Basi tufike kituoni.

Kazi ya wiki ya sita ilikuwa na maagizo mafupi: chagua mahali pa umma, kaa dakika 60, andika unachokiona, usiandike unachokidhani. Kabla ya hapo tulikuwa tumesoma kuhusu William Whyte, mtafiti Mmarekani aliyerekodi kwa kamera viwanja vya wazi vya New York miaka ya 1970. Aligundua mambo ambayo ukiyasikia unaona kama utani: watu hukaa pale penye mahali pa kukaa, mtu akipewa kiti kinachohamishika atakisogeza kidogo kabla ya kukikalia, hata kama hakuna sababu, na marafiki wakikutana hawasogei pembeni, husimama kuzungumza katikati ya njia. Sikuamini lile la mwisho.

Nilichagua kituo cha basi ninachopita kila siku. Kina benchi la chuma la watu wanne, limegawanywa kwa vyuma vya mikono ili asilale mtu. Saa ile benchi lilikuwa juani na halikuwa na mtu hata mmoja. Watu saba walikuwa wamesimama mstari mmoja uliopinda, mmoja nyuma ya mwingine, nami nikadhani ni foleni ya basi. Baada ya dakika kumi basi likaja, wakapanda wawili, na watano hawakujongea. Ndipo nikaelewa: ule mstari ulikuwa ni kivuli cha nguzo ya taa. Kivuli chembamba, upana wa mabega ya mtu. Kadiri jua lilivyosogea, kivuli kiligeuka, na watu wakageuka nacho nusu hatua kwa nusu hatua, bila neno, kila mmoja akitazama upande wake. Akaja mzee mwenye mkongojo. Hakuna aliyemkaribisha kwa sauti, lakini mstari ulijibana na nafasi ikapatikana pale kivuli kilipokuwa kinene. Kijana mmoja mwenye visikilizi masikioni akajikuta juani. Alimtazama mzee mara moja tu, akarudi kwenye simu yake. Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika mwaka 1963 juu ya adabu hii ya watu wasiojuana: kumwona mwenzako kiasi cha kumtambua, kisha kumwondolea macho ili asijihisi anachunguzwa. Nilikuwa nimeisoma juma lile lile na sikuielewa mpaka pale.

Na ndiyo, wanawake wawili walikutana, wakakumbatiana, wakasimama kuongea katikati kabisa ya njia ya miguu, dakika sita kwa saa yangu. Whyte nisamehe.

Insha hiyo ilisahihishwa na wenzangu watatu nisiowajua. Wa kwanza aliandika "kazi nzuri" akanipa alama zote. Sidhani kama alifika aya ya pili. Wa pili alinikata kwa sababu "hadithi ni nyingi, nadharia ni chache". Wa tatu alinipa alama za wastani na kuniachia swali moja: nani hakuwepo kituoni? Nilikasirika kidogo, kisha nikarudi siku iliyofuata, jioni. Ukingo wa njia pale una urefu wa karibu nusu ya muundi wangu na hauna mteremko popote, kwa hiyo mwenye kiti cha magurudumu hawezi kufika kwenye benchi wala kwenye nguzo. Tena taa ya ile nguzo haiwaki. Giza lilipoingia wanaume walibaki kituoni, ila wanawake walisogea kusubiri mbali kidogo, mbele ya duka lenye mwanga, kisha wakawa wanakimbia basi likifika. Mchana sikuliona hata moja kati ya hayo. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, aliandika mwaka 1961 kwamba usalama wa mtaa unatokana na macho ya watu walio pale, na mimi nilikuwa nimeyaorodhesha macho hayo bila kuuliza yanatoweka saa ngapi.

Kwa hiyo siwezi kuulaani mfumo wa kusahihishana, ingawa mara mbili kati ya tatu ni bahati nasibu. Jukwaa la majadiliano ndilo lililonishinda. Unatakiwa kuchangia mara mbili kwa wiki ili upate alama, matokeo yake ni mamia ya watu wanaoandika "nakubaliana nawe kabisa" kwa watu ambao hawajasema kitu.

Wiki za mwisho zinapitia mengi kwa pupa: mwanasosholojia Ruth Glass aliyelibatiza jina la "gentrification" mwaka 1964 jambo la wenye pesa kuhamia mitaa ya wafanyakazi wa London na kuwasukuma wenyeji nje, mwanafalsafa Mfaransa Henri Lefebvre na wazo lake la haki ya wakazi juu ya mji wao, majengo 33 ya Pruitt-Igoe, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini kule St. Louis, Marekani, yaliyoanza kubomolewa mwaka 1972, hata miaka 20 hayajatimiza. Kila moja lingeweza kula wiki nzima. Maandishi ya chini ya video yanayotengenezwa na mashine ni ya kubahatisha, Simmel peke yake nimemhesabia majina manne, basi soma makala kwanza ndipo uangalie video. Tangazo linasema saa nne kwa wiki. Mimi nilitumia saba, na wiki ya kituo cha basi zaidi ya kumi. Kama unataka alama zihamishiwe chuo chako, waulize wao kwanza kabla hujalipa, tena kwa maandishi.

Kozi inayofuata, ya mbinu za utafiti mijini, imeshafungua usajili. Nimejiandikisha, na saa ya pili ya simu yangu nimeiweka kwa majira ya kwao.