Boti ya alumini na kile kizibo cha shaba

Anayetaka boti ya alumini ya kuvulia, kabla hajatoa hata shilingi mia, apige magoti tezini, chini kabisa karibu na inapokaa mashine, akitazame kizibo cha kutolea maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo. Kikiwa cha shaba, aondoke. Asiombe punguzo, asikubali soda, aondoke. Mie nilikiona kwa macho yangu, nikauliza, nikaridhika na jibu, na nusura nimpoteze mjomba wangu.

Nachuuza samaki pale Deep Sea, Tanga, tangu sijaolewa. Chombo changu cha mwanzo kilikuwa dau, na dau nalipenda, lakini mwenye dau anajua linavyokula pesa. Kila baada ya muda lipandishwe mchangani, lipigwe makuti ya moto chini, kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi za mbao, itolewe itiwe upya, lipakwe. Mbao ya mvule imekuwa ya kutafuta kama dawa, na ikipatikana bei yake haisemeki. Mwaka juzi, kaskazi ikielekea mwisho, mataruma mawili, zile mbavu za ndani, yakavunjika safari moja. Nikasema basi. Nikauza friza, nikachukua mkopo kwenye kikundi chetu cha akina mama, nikapanda basi na mjomba twende Dar kutafuta alumini.

Mjomba ndiye nahodha wangu. Hakuitaka. "Mwanangu, hiyo ni sufuria," aliniimbia tangu Segera mpaka Chalinze. Lakini tulipofika dukani aliikagua kama anavyokagua chombo cha mbao. Palikuwa na boti za namna mbili, za kuunganishwa kwa ribiti na za kuchomelewa. Za ribiti zilikuwa nafuu na macho yangu yalikuwa huko huko. Mjomba akapitisha kidole kwenye mstari wa zile ribiti, moja baada ya moja, akasema hii ni misumari tu kwa jina jingine, kusi ikiipiga italegea na kila tundu litavuja. Tukachukua ya kuchomelewa. Kwa hilo alisema kweli, maana mpaka leo viungio vya boti ile havijatoa hata tone.

Sasa muuzaji. Anayeuliza maswali ni mie, pesa ziko kwenye mkoba wangu, yeye anamjibu mjomba. Kwanza aliniuliza mume wangu yuko wapi azungumze naye. Nikauliza boti hii chini inapakwa rangi gani. Akamgeukia mjomba: "Mzee, mwambie mama asiwe na wasiwasi." Nikauliza, hiki kizibo mbona rangi yake mbali na boti? Akacheka. Akasema kile cha plastiki kilichokuja na boti kilipotea, akaniwekea cha shaba, cha bei zaidi, zawadi kutoka kwake. Nikamshukuru. Katika yote yaliyonipata, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: nilimshukuru.

Nisiwe mwongo, miezi ya mwanzo nilifurahi mpaka majirani wakachoka kunisikiliza. Dau lilitaka watu kumi na magogo kulipandisha. Hii, vijana wanne na mjomba, imeshafika mchangani. Wakati wa bamvua maji yakikupwa kwetu panabaki tope refu, na boti hii inaelea kwenye maji ambayo dau lingekuwa limelala ubavu. Mashine ni ile ile ya HP 15 niliyokuwa nayo, lakini petroli iliyokuwa ikiisha kwenda na kurudi kisiwa cha Yambe sasa inabaki kwenye dumu. Wepesi wa bati ndio huo. Ina karaha zake pia. Mchana inaunguza nyayo, na barafu ukiilaza moja kwa moja juu ya bati inayeyuka upesi, ikabidi samaki wakae kwenye maboksi yenye sponji. Tena chubwi, ule uzito wa kuzamishia mshipi, ikianguka ndani inalia mpaka mjomba anakunja uso, anasema samaki wamesikia. Tukatandika mikeka, tukazoea.

Kusi ilikuwa imeshaanza. Walikuwa nje ya Yambe usiku, wanavua mshipi. Kijana mmoja akahisi maji miguuni, wakadhani ni wimbi limeingia. Wakafua, wakayachota kuyatupa nje. Maji yakarudi. Mjomba akamulika tochi ngamani, akaona kizibo kimelala pembeni, na pale kilipokuwa kimekaa pana tundu la kuingia kidole gumba. Kizibo hakikufunguka. Kilichomoka pamoja na bati lililokishikilia. Walichokuwa nacho cha kuwaokoa ni mazoea ya mbao, kwani mjomba bado anatembea na pamba ya kalafati mkobani, imelowa sifa, yaani mafuta ya papa, ingawa boti haina hata ubao mmoja. Akaisokota, akaisukumiza tunduni kwa mpini wa kisu, akaikanyaga kwa kisigino. Aliikanyaga hivyo mpaka Deep Sea, vijana wakifua kwa zamu. Saa kumi alfajiri akanipigia, sauti yake ya kawaida kabisa: "Mwanangu, njoo uitazame sufuria yako." Nilipofika mguu ule ulikuwa haumbebi.

Palipopambazuka nikapiga magoti, nilichopaswa kufanya dukani. Kuzunguka lile tundu, kwa upana wa kisahani cha chai, rangi ilikuwa imetutumka malengelenge. Nikabonyeza moja, likapasuka. Ndani unga mweupe, laini, kama unga wa muhogo uliopata maji. Nikakwangua kwa ukucha na ukucha ukazama. Bati nililoambiwa litaishi kuliko mie linakwanguka kama sabuni! Na kile kizibo cha shaba kizima, kinang'aa, hakina hata doa.

Nikampigia muuzaji. Sikuanza kwa ukali, wallahi, nilimsalimia vizuri. Akaniuliza kama tulikuwa tunaiosha boti kwa maji baridi kila tukirudi. Nikamwambia hukutuambia, na tena walikuwa wanaiosha. Akasema, "Mama, boti ya alumini ni ya watu wanaojua kutunza vitu. Nyie wa huko mmezoea mbao." Akakata. Nikapiga tena, akapokea mwingine, mhusika ametoka. Nikachukua simu ya mjomba nikapiga kwa namba yake. Akapokea yule yule, sauti ya asali, "Ndiyo mzee wangu." Aliposikia ni mie, akakata.

Nyie wa huko. Pwani hii watu wameunda madau na mashua na ngalawa tangu kabla babu yake hajazaliwa. Mzee aliyemwita "mzee wangu" aliiokoa boti yake kwa pamba na kisigino. Yeye amekaa kwenye feni anauza chombo cha baharini na hajui bahari inafanya nini.

Maana fundi wa kwanza kabisa kukishika kile kizibo alijua. Mafundi wawili wa mageti Ngamiani walikataa kazi, na nawashukuru kwa kukataa. Mmoja aliniambia, dada, chuma ukikichoma kinawiva chekundu kinakupa taarifa, alumini haibadiliki rangi, unastukia iko chini imeyeyuka. Wakanielekeza kwa fundi anayechomea matangi ya malori ya mafuta, mwenye mtungi wa gesi ya agoni, ya kuchomelea alumini. Alikishika kizibo, hakuuliza swali hata moja, akatikisa kichwa. Akakaa juu ya tairi akanieleza. Shaba na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri, na katika betri hiyo inayoliwa ni alumini, shaba inabaki salama. Maji ya ziwani yangeila polepole zaidi, ila ya baharini hayana subira. Hata chubwi za risasi mkiziacha zimelala ngamani penye maji, zinatafuna bati pale pale zilipolala. Hata ile rangi nyekundu ya chini ya vyombo, yenye shaba ndani yake, haipakwi juu ya alumini. Kopo lake nilikuwa nimeshalinunua, liko nyumbani, nangojea Jumamosi nipake. Ile rangi niliyomuuliza muuzaji, akamwambia mjomba nisiwe na wasiwasi!

Fundi akalikata bati lililoliwa mpaka akafikia penye uzima. Akachomea kiraka cha bati la 5083, ndilo la baharini, akaweka kizibo cha plastiki, akafunga vipande viwili vya zinki tezini ili viliwe vyenyewe badala ya boti. Kila nikipata nafasi nachungulia kama vimepungua. Vinapungua kweli, na kila nikiviona vimelika roho inatulia. Nililipa laki tatu na nusu, mbali na siku ambazo chombo kililala na vijana wamekaa bure.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema tu msinunue alumini. Sasa sijui. Boti yenyewe kosa lake nini? Alumini iliyochomelewa vizuri, isiyoguswa na shaba, yenye zinki zake, kwa petroli peke yake inajilipa, nimeona kwenye daftari langu. Halafu nikikumbuka saa kumi ile alfajiri, nasema hapana. Dau likitoboka dagoni, kambi ya wavuvi huko mbali, seremala yupo, pamba ipo, kesho mko majini. Hii ikitoboka unatafuta mtu mwenye agoni, na mie Tanga nzima nimempata mmoja. Mkazi wa vijijini, Kigombe au Mwarongo, ampate wapi? Kwa hiyo kama huna fundi wa hivyo wa kufikika, baki na mbao, au chukua fiber. Kama unaye, nunua, lakini usinunue pale niliponunua mie. Na ukienda kokote, uliza kila kilichofungwa kwenye boti ni cha madini gani, kizibo, boliti, bawaba, mpaka skrubu ya mwisho. Akikujibu kwa kicheko, toka nje.

Juzi nilimuuliza mjomba turudi kwenye dau, nitatafuta mvule hata kwa deni. Alikuwa anaunga ndoana. Akasema nimwache na sufuria yake. Akaniambia tu nimnunulie pamba nyingine, ile aliitumia yote.

Nimeshainunua. Na kizibo nimekifunga kwenye pindo la kanga, sikumpa fundi wala sikukitupa. Bamvua hii ikipita napanda basi la Dar, niende nikakiweke juu ya meza ya yule kijana. Naidai laki tatu na nusu yangu, na safari hii mjomba simchukui. Atanijibu mie.