Daftari la neno siri: uzoefu wangu wa huduma za serikali mtandao kutoka steshenari

Nina steshenari Korogwe mjini, Manundu. Kompyuta mbili, printa, mashine ya kopi, na benchi la wateja barazani. Tangu mwaka 2018 riziki yangu kubwa inatokana na kuwafanyia watu maombi mtandaoni: vyeti vya kuzaliwa, mikopo ya elimu ya juu, ajira, majina ya biashara, paspoti, namba ya mlipa kodi. Kuna siku nimezitumia huduma hizi mara thelathini kabla ya saa saba mchana, kwa majina ya watu thelathini tofauti. Haya ninayoandika yametoka huko.

Nianze na kontroo namba, ile namba unayopewa kulipia huduma ya serikali, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko vyote.

Vijana wanaokuja sasa hivi hawajui tulikotoka. Zamani ukitaka kulipia huduma ya ofisi fulani, unaandikiwa namba ya akaunti kwenye kikaratasi. Unakwenda benki, unapanga foleni, unajaza slipu, inagongwa muhuri, halafu slipu hiyo unairudisha ofisini ndipo upewe stakabadhi. Kwa mtu aliyeshuka kutoka Bungu, kule juu milimani, siku nzima imekwisha, na akikuta karani wa stakabadhi ametoka, inabidi atafute pa kulala. Slipu ikilowa au ikipotea, hela imekwenda na huna la kuonyesha.

Mwaka 2017 ukaja mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG. Ofisi inatengeneza ankara kwenye mfumo wake, ankara inapita GePG, inarudi na kontroo namba, tarakimu 12, nyingi zikianza na 99. Wewe ukiingiza namba hiyo kwenye simu au kwa wakala wa benki, mtandao unaiuliza GePG deni hili ni la nani na ni kiasi gani. Ukishalipa, taarifa inarudi ofisini yenyewe. Hakuna slipu ya kurudisha. Na uzuri wake ni kwamba haijalishi unalipia nini. Kijana anayelipia ada ya maombi ya mkopo na mzee anayelipia kiwanja wanabonyeza menyu ileile ya malipo ya serikali, iwe M-Pesa, iwe Airtel Money, iwe benki. Nikishamfundisha mtu mara moja, nimemfundishia ofisi zote.

Nitoe mfano mmoja. Alikuja mama mtu mzima, kitenge begani, kikaratasi kimekunjwa mara nne mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, nimeambiwa nilipe hii ya mjukuu, sijui hata naanzia wapi." Namba alikuwa ameandikiwa na jirani aliyekuwa akiisikiliza kwenye simu. Nikatoka naye hadi kwa wakala wa benki, mlango wa pili kutoka kwangu. Wakala akaingiza, mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Tukakitoa kile kikaratasi juani, tukakitazama tarakimu moja moja, tukagundua kwamba tuliyokuwa tukiisoma 7, karibu na mwisho, ilikuwa 1 iliyopigwa kofia ndefu. Tulipoibadilisha likatokea jina la mjukuu wake, majina yote matatu, na kiasi cha kulipa chini yake. Mama yule kusoma kwake ni kwa shida, lakini jina la mjukuu alilifuata kwa kidole kwenye kile kioo kidogo, herufi kwa herufi, mpaka mwisho. "Ndiye huyu," akasema. Ndipo akafungua fundo la kanga akatoa hela.

Kwa enzi ya slipu, ile 1 yenye kofia ingeweza kumpeleka kwenye akaunti isiyo yake, na asingejua mpaka mtoto akose nafasi. Safari hii namba iliyokosewa ilijikataa yenyewe kabla hela haijatoka kwenye fundo. Nikimsikia mtu anasema mambo ya mtandao ni ya watu wa Dar es Salaam, namkumbuka mama yule.

Haya hayakuja kwa siku moja, na mimi nimekua nayakuta njiani. Mwaka 2006 nilikuwa nakwenda Tanga mjini kutafuta intaneti kafe, nalipia nusu saa, na dakika kumi za kwanza ukurasa haujafunguka. Mawasiliano yetu na dunia yalikuwa yanapita kwenye setilaiti. Sera ya kwanza ya TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, ilikuwa imeshaandikwa tangu 2003, ila sera haifungui ukurasa. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ikatua Dar es Salaam kutoka baharini, na mwaka huohuo ujenzi wa Mkongo wa Taifa, nyaya za mawasiliano za nchi kavu, ukaanza ili kuusambaza mtandao mikoani. Wakala ya Serikali Mtandao ikaanza kazi 2012, sera mpya ikaja 2016, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ikaigeuza wakala hiyo kuwa mamlaka. Ukiitazama miaka hiyo kwa pamoja unaona mtu aliyechimba msingi kwanza, akapandisha ukuta, ndipo akatafuta bati. Kebo bila mkongo ingeishia ufukweni. Mkongo bila GePG ungetupa picha na video, huku foleni ya benki ikibaki palepale.

Sasa niseme kinachonikera, na sitataja ofisi kwa jina kwa sababu nia yangu si kumchongea mtu.

Njia ya malipo ni moja, lakini njia ya kumjua mtu bado ni nyingi mno. Kuna mifumo ambayo ukiingiza namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, majina na tarehe ya kuzaliwa vinajijaza vyenyewe. Hapo kazi ni dakika kumi. Lakini iko mingine inayomtaka mtu yuleyule aandike upya jina, tarehe, kata, jina la mama, apakie cheti kilekile alichokipakia kwingine wiki iliyopita, afungue akaunti mpya, aweke barua pepe na neno siri. Mara moja nilikaa na kijana kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa sababu mfumo mmoja ulikuwa unayakataa majina yake. Tulipolinganisha tukakuta kwenye cheti cha shule ni Mohamedi, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Muhamedi. Irabu moja. Ilibidi aondoke kwenda kutafuta hati ya kiapo, na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa kesho yake.

Siku za mwisho ndizo mbaya kuliko zote. Benchi linajaa mpaka watu wanakaa chini barazani, kiduara kinazunguka kwenye kioo, na mimi nasema "mtandao unasumbua, tuvumilie" mpaka sauti inakauka. Nimejifunza kuwaambia watu waje alfajiri. Saa kumi na moja mifumo huwa myepesi, na nimeshafungua duka saa hiyo mara nyingi tu kwa ajili ya watoto wa watu. Jambo jingine: kontroo namba ina tarehe ya kuisha. Ukiipata usiiweke mfukoni ukasubiri mwisho wa mwezi. Na ujumbe wa malipo usiufute hata kama simu imejaa. Piga picha, au njoo nikuchapie.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni daftari.

Hiyo mifumo inayotaka barua pepe na neno siri, wateja wangu wengi hawana barua pepe. Wana simu ya vitufe. Kwa hiyo kwa miaka nimekuwa nikiwafungulia mimi, nikibuni neno siri mimi, na kuliandika kwenye daftari la kaunta ili wakirudi tusianze upya. Jina, namba ya simu, barua pepe, neno siri, na wengi pia namba ya NIDA, tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni mwaka, mwezi na tarehe aliyozaliwa. Wao wenyewe ndio waliokuwa wakiniomba: "Dada, niandikie humo kwenye daftari lako, mimi nitasahau." Nilikuwa naona nawasaidia, na kweli nilikuwa nawasaidia.

Mwaka juzi alikuja mwanafunzi wa chuo nimchapishie mkakati wa taifa wa uchumi wa kidijitali, ule wa 2024 hadi 2034. Wino ulikuwa unasuasua, kwa hiyo nikapata muda wa kuzisoma kurasa zilivyokuwa zikitoka moja moja: miundombinu, ujuzi wa kidijitali, ubunifu, huduma za fedha, ujumuishi ili mtu asiachwe nyuma. Yote mema, na nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini daftari langu lilikuwa pale pale chini ya printa. Nikawaza kwamba kwa watu mia na kitu wa Korogwe, ujuzi wa kidijitali ni mimi. Likiibwa daftari lile, mwizi ana kila kitu chao. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeshaanza kutumika, inazungumzia kila anayekusanya na kuhifadhi taarifa za watu, na mimi ninazihifadhi kwa kalamu ya bluu.

Usiku ule nilimkumbuka babu. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, alikuwa kiongozi wa kikundi cha kusikiliza redio kijijini kwetu. Redio ilikuwa moja, kijitabu alikuwa nacho yeye, na watu walikaa chini ya mwembe. Kipindi kikiisha, babu anakisoma kijitabu kwa sauti, wanajadiliana, halafu kesho yake wanakwenda kuchimba choo. Nchi nzima watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya namna hiyo. Tunapozungumzia jamii ya maarifa kama kitu kinachokuja kutoka ng'ambo, mimi nasema wazee wetu walishaanza kuijenga, na waliijenga wakijua kwamba redio peke yake haitoshi. Waliandaa viongozi wa vikundi. Babu alipewa mafunzo kabla ya kupewa kijitabu.

Mimi sikupewa mafunzo. Wenye steshenari wote ninaowajua hawakupewa. Tulijifunza kwa kukosea kwenye maombi ya watu. Rwanda huduma za Irembo, mfumo wao wa serikali mtandao, zina mawakala wanaotambulika, mtu anakwenda kwao akijua ni nani anamshikia taarifa zake. Kenya wana Huduma Centre, vituo vya huduma nyingi za serikali mahali pamoja, tangu 2013, na sisi tumeanza na vituo vya Huduma Pamoja kwenye posta. Ni hatua nzuri sana. Ila kijana wa Magoma mwenye maombi ya kufungwa usiku wa leo atakuja kwangu, kwa sababu niko wazi saa tatu usiku na ananijua. Ninachoomba ni kwamba watu wa kaunta hizi tusajiliwe, tufundishwe, tupewe njia ya kumfanyia mtu maombi kwa idhini yake bila kulijua neno lake siri. Ikiwa iliwezekana ofisi zote zikubali namba moja ya malipo, na hili linawezekana.

Mkinitaka nitoe alama: kontroo namba na GePG, tano kati ya tano, bila kusita. Mifumo inayosoma namba ya NIDA yenyewe, nne. Ile inayoanza na mtu upya kila mara, mbili, na hizo mbili ni kwa sababu angalau imemwondolea mtu nauli.

Daftari nimelifunga. Sasa mteja akifungua akaunti anachagua neno siri mwenyewe, ananigeuzia kibodi, mimi nageuka ukutani. Ninampa kadi ngumu ya kuandika mwenyewe, akaiweke anapoweka hati ya shamba. Wasiojua kuandika huja na mtoto wanayemwamini. Inachukua muda mrefu zaidi na wapo wanaolalamika. Kurasa za zamani nimekuwa nikizichana moja moja, namwita mwenyewe, namkabidhi mkononi, nambadilishia neno siri mbele ya macho yake. Nilianza na kurasa mia moja na arobaini. Leo zimebaki kumi na tisa. Wenyewe simu zao hazipatikani, na mmoja nasikia ameshafariki. Ukiwa uliwahi kufanyiwa maombi Manundu, kwa dada wa steshenari yenye mlango wa kijani, pita. Ukurasa wako upo, nimeufungia kwenye kabati.