Injini za spoti za zamani: ipi ununue kwa barabara za Mtwara na Lindi

Kila msimu wa korosho, pesa za mnada zikishaingia, mjadala ni uleule kuanzia Chikongola mpaka Lindi mjini: nichukue Altezza, Mark II, au ile Runx yenye gia sita? Watu wanashindanisha rangi, rimu na ukubwa wa bomba la moshi. Mimi naomba tufungue boneti kwanza. Bodi inapigwa rangi, viti vinashonwa upya, lakini injini usiyoielewa utaishi nayo kila asubuhi unapowasha.

Nimezipanga injini sita ambazo mtu wa kusini anaweza kweli kukutana nazo sokoni. Nimeangalia mambo mawili. La kwanza, inavutaje ukiwa nyuma ya lori lililopakia magunia kwenye mlima wa kupandia Newala ukitokea Masasi. La pili, inakaaje kwenye safari ya Mtwara hadi Dar, zaidi ya kilomita 500 za joto la pwani. Farasi, yaani kipimo cha nguvu ya injini, nazitaja, ila hazikuamua mpangilio, na sababu yake ni hii.

3S-GE ya Altezza ina cc 2,000 na inatoa farasi 210. 2ZZ-GE ya Runx ina cc 1,800 na inatoa 190. 4A-GE ya valvu 20 ina cc 1,600 na inatoa 165. Gawa mwenyewe: zote tatu zinacheza kwenye 105 kwa kila lita, na zote tatu Toyota ilizitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha. Upande wa pili, za silinda sita: 1JZ-GE ya Mark II inatoa 200 kwa cc 2,500, na 1G-FE inatoa 160 kwa cc 2,000, yaani 80 kwa lita. Ukiishia kwenye hesabu hiyo utachukua moja ya zile tatu bila kufikiri. Lakini farasi za hizo tatu zinatimia mizunguko ikishapita 7,000 kwa dakika, na kwenye barabara ya vijiji na vibao vya 50, huko utafika mara chache sana. Za silinda sita zinaanza kuvuta mapema, na mvuto huo ndio unaousikia mgongoni kila siku.

Ya kwanza: 1JZ-GE

Itafute kwenye Mark II ya 1996 hadi 2000, namba ya chesisi ikianza na JZX100, au kwa ndugu zake Chaser na Cresta. Silinda sita zimejipanga mstari mmoja, bloku ni ya chuma, na toleo la VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) linatoa farasi 200 kwa mizunguko 6,000 na torki, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 255 kwa mizunguko 4,000. Kwenye mpangilio huo silinda inawaka kila nyuzi 120 za mzunguko, na mitetemo ya pistoni zinazopanda na zinazoshuka inafutana yenyewe. Ukisimama Nangurukuru kununua maji bila kuizima, itabidi utazame mshale kuhakikisha bado inaunguruma.

Nyingi ni otomatiki, na hapa sioni ubaya. Uko kwenye 80, lori mbele yako, barabara imefunguka. Unakanyaga, giaboksi inashusha gia moja, mshale unaruka hadi karibu na 4,000 ambako torki yote inakungoja, na lori linabaki nyuma kabla injini haijapandisha sauti. Inavuta kwa mfululizo, haina mahali inapositasita. Kwa joto letu hilo ni la thamani kubwa: injini isiyolazimika kuzungushwa sana inachemka kwa shida.

Mtego uko kwenye umbo jipya. Mark II ya 2000 hadi 2004, chesisi JZX110, cc 2,500 bila tabo, kwa kawaida imebeba 1JZ-FSE, ile ya D-4. Kwenye karatasi nayo ina farasi 200, ila petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Pampu yake haisamehe petroli chafu, na kwa kuwa petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, masizi yanajijenga hapo bila kitu cha kuyaosha. Fungua boneti: ukiona D-4 imeandikwa juu ya kava, shukuru na uendelee kutafuta. Kama unalipenda sana umbo hilo, ulizia JZX115, ya magurudumu manne kuvuta, ambayo ina 1JZ-GE yenyewe.

Ya pili: 3S-GE ya Altezza

Kwa moyo hii ndiyo ningeiweka juu. Ukoo wake ni mzito: ndugu yake mwenye tabo, 3S-GTE, ndiye aliyeibeba Celica iliyoshinda Safari Rally 1990, 1992 na 1993. Ndani ya Altezza ya RS200, iliyotoka kuanzia 1998, silinda nne zenye VVT-i pande zote mbili, kuingiza na kutoa, zinatoa farasi 210 kwa mizunguko 7,600. Hiyo ni ya gia sita za mkono, ambayo valvu zake ni za titani ili ziwe nyepesi kwa kasi hiyo. Ya otomatiki inatoa 200.

Chini ya 4,000 ni gari la kawaida. Mtu aliyezoea Mark II atakwambia haivuti, na kwa mizunguko hiyo ana haki. Torki ya Nm 216 inakaa juu, kwenye 6,400. Kwa hiyo nyuma ya lori unashusha gia mbili, siyo moja, kisha unaiacha iimbe. Ikipita 5,000 sauti inabadilika, inakuwa kali na kavu, na mguu wako unapata jibu papo hapo kwa kila milimita ya pedeli. Kwenye barabara inayozunguka ghuba ya Mikindani, gia ya tatu, gari lenye kilo 1,350 hivi linalosukumwa kwa magurudumu ya nyuma, hakuna jingine kwenye orodha hii linalokupa raha hiyo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Altezza nyingi zinazouzwa siyo hizi. Ni AS200 yenye 1G-FE, na muuzaji anakwambia "hii ni silinda sita, ina nguvu zaidi". Haina. Ina farasi 160. Usibishane naye, soma chesisi: SXE10 ni 3S-GE, GXE10 ni 1G-FE. Kama kadi inasema kimoja na bamba la chesisi linasema kingine, funga mazungumzo.

Kabla ya kulipa, iwashe ikiwa baridi kabisa. Mlio wa kukwaruza sehemu ya mbele ya injini kwa sekunde chache za mwanzo ni gia ya VVT-i iliyochoka, na spea hiyo utaiagiza Dar es Salaam, uisubiri, na bei yake haitakufurahisha. Jingine ni petroli. Ukandamizaji wake ni 11.5 kwa 1, na Japani iliandikiwa petroli ya daraja la juu. Ukiilisha ya kituo usichokiamini, utaisikia ikigonga mlimani kama kokoto ndani ya kopo. Kompyuta itajaribu kuilinda kwa kuchelewesha moto wa plagi, na farasi ulizozilipia zinapungua.

Ya tatu: 2ZZ-GE

Hii imo kwenye Runx na Allex zenye chesisi ZZE123, na kwenye Celica ZZT231. Ndiyo injini ambayo Lotus ya Uingereza iliichukua na kuiweka kwenye Elise. Tabia yake ni ya injini mbili ndani ya moja. Mpaka karibu 6,000 unaendesha Runx ya kumpeleka mtoto shule. Pale juu shafti ya kemu, ile inayosukuma valvu, inahamia kwenye meno marefu zaidi, valvu zinafunguka kwa kina, na gari linakurusha mbele kwa ghafla unayoisikia tumboni. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, hilo ni jema.

Shida ni kwamba raha yote imewekwa juu ya 6,000. Nyuma ya lori ukiwa na watu wanne na mizigo, torki ya Nm 180 inakuchosha. Ukiijaribu, subiri injini ipate joto sawasawa, maana ikiwa baridi haitahama kwa makusudi. Toka nje ya makazi, gia ya pili, kanyaga mpaka mwisho. Isipobadilika sauti wala mvuto, boliti za kuhamishia kemu zimekatika au valvu ya oili imeziba, na bei lazima ishuke. Oili yake usiiache ipungue hata kidogo.

Ya nne: 1G-FE

Laini, tulivu, fundi yeyote wa Masasi au Lindi anaijua. Pistoni ya milimita 75 inayosafiri milimita 75, torki ya Nm 200 kwa mizunguko 4,400. Ni injini nzuri ya safari, na ukiipata kwenye Mark II GX100 au GX110 iliyotunzwa, nunua kwa amani. Ila usiilipie bei ya spoti.

Ya tano: 4A-GE ya valvu 20

Jina hili lilianza 1983 kwenye Corolla AE86 ikiwa na valvu 16. Ya valvu 20 ilikuja 1991, ikaboreshwa 1995 ikafikia farasi 165. Kila silinda ina valvu tano na koo lake la hewa, kwa hiyo mwitikio wake ni wa haraka ajabu, na sauti ya hewa inavyofyonzwa chini ya boneti inatosha kumfanya mtu azime redio. Nimeishusha kwa sababu moja: nzima zimebaki chache, na ya kuokoteza kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, ni bahati nasibu.

Ya sita: EJ20 ya tabo

Subaru Impreza WRX, farasi 250, injini iliyolala, pistoni zikiwa pande mbili. Madereva Colin McRae na Richard Burns walishinda nayo Safari Rally, 1997 na 2000, kwa hiyo uimara wake kwenye vumbi la Afrika Mashariki hauna mjadala. Mngurumo wake naupenda kwa dhati. Lakini mkanda wake unazungusha shafti nne za kemu, plagi zimejificha ubavuni, tabo inaongeza joto juu ya joto, na gasketi ya hedi ikikata ukiwa Newala utatafuta wa kukukokota hadi mbali. Inunue kama una fundi wa Subaru unayemwamini, na awe anapokea simu.

Kuhusu kuagiza: magari haya yote yana umri unaoyatia kwenye ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo tafuta lililokwishasajiliwa nchini. Nenda asubuhi, na kabla ya kusalimiana sana weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hawakutaka ukisikie wakati wa kuwasha. Gari lililolala Shangani ya Mtwara karibu na bahari, kagua rejeta na nyaya za earthi, chumvi inaanza huko. Teremka mteremko bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga ghafla ukitazama kioo: moshi wa bluu ni oili inayopita kwenye sili za valvu au ringi.

Ukishalipa, wiki ya kwanza badilisha mkanda wa taiming, tenshena na pampu ya maji kwa pamoja kwenye zote isipokuwa 2ZZ yenye cheni, hata muuzaji akiapa kwamba vilibadilishwa. Toyota inahesabu kilomita 100,000 kwa mkanda, na dashibodi ya gari lililopita mikono minne haina ushahidi. Mwaga maji yote ya rejeta, weka kulanti, na mkataze fundi kujazia maji ya kisima. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na hedi za injini hizi zote ni za aluminiamu.