Niliuziwa zimwi asiye na mwisho, na mwisho wenyewe nilipoupata nikalia

Nimeamua kuandika kwa sababu hasira hii nimekaa nayo tangu mvua zianze na bado haijaniisha. Mimi ni msomaji wa riwaya za mapenzi ya mazimwi na viumbe wa sayari nyingine, nasema hivyo bila aibu, niko na saluni Kondele na wateja wangu wote wanajua nikiwa sina kichwa cha mtu mkononi basi niko na kitabu. Na kama umekuja hapa kuniuliza kwani wanaume wameisha Kisumu, pita tu, hiyo nimeisikia ya kutosha.

Kitabu sitakitaja jina na muuzaji pia sitamtaja. Nataka tu mjue kilichonipata.

Kuna kijana anauza vitabu karibu na stendi, vingi ni mitumba lakini ukitaka kipya anakuagizia Nairobi. Nikamwagiza kitabu cha kiumbe mmoja wa majini, nikamtumia elfu moja mia mbili kwa M-Pesa, nikangoja kama wiki mbili hivi. Kikaja kimefungwa kwa nailoni, jalada linang'aa, nikakibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Na wueh, hadithi ilikuwa tamu! Dada ni fundi wa mitambo, chombo chao kimeanguka kwenye sayari haina jua, wenzake wote wamekufa, anaokolewa na huyu kiumbe mweusi tititi, magamba mwili mzima, macho manne, na hana sauti. Hana lugha kabisa. Kitu anajua ni kugonga bomba la chuma lililobaki kwa kile chombo. Dada anagonga mara tatu, naye anagonga tatu. Dada anagonga tano, naye anagonga tano halafu ananyamaza kidogo, anaongeza moja. Hiyo moja! Anauliza, mnaelewa? Hajui neno hata moja la binadamu lakini ameshajua kuuliza. Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje nikasimama kwa mlango nipate hewa.

Hicho ndicho ninachopenda kwa hizi riwaya na watu hawataki kunielewa, wanadhani ni mambo ya mikia na pembe. Zimwi hajui chochote kukuhusu, na anajua hajui, kwa hivyo lazima akuulize, unakula nini, unalala vipi, hayo maji yanayotoka machoni ni ugonjwa ama ni nini. Hizi riwaya zingine za matajiri wa suti, mwanaume anafika ameshajua mwanamke anataka nini kuliko mwenyewe anavyojijua, na tunaambiwa hayo ndiyo mapenzi. Mimi niliolewa miaka tisa na mtu ambaye hakuwahi kuniuliza kama nimechoka. Sitasema zaidi.

Sasa. Ukurasa wa 272. Ni kama saa saba usiku, stima imepotea, nasoma kwa tochi ya simu. Chombo cha kumwokoa dada kimefika juu angani na lazima aamue leo hii. Anashuka kwenye maji mpaka kiunoni, anashika bomba, anagonga mara tano. Halafu anangoja. Nafungua ukurasa unaofuata na ni 241. Nikadhani ni macho. Nikarudi nyuma, 270, 271, 272, halafu 241 tena, maneno yale yale niliyosoma jioni nikikaanga omena, hata kosa la herufi ni lile lile. Inaendelea hivyo mpaka 272 kwa mara ya pili, halafu jalada la nyuma. Basi. Nilipitisha kidole pale kwa mgongo kwenye gundi nikaona hakuna kilichochanika, kimeshonwa hivyo hivyo huko kilikotengenezwa, kile kifungu cha mwisho cha kurasa hakikuwekwa, wakarudia kile cha nyuma yake. Kurasa thelathini na mbili za bure, na dada yangu amesimama kwa maji anangoja jibu.

Kesho yake nilifungua saluni nikiwa nimechelewa, nikapitia kwa huyo kijana kwanza. Nimekuja na adabu zangu zote. Alikuwa anakula njugu. Akakichukua kitabu, akalamba kidole, ndiyo, akalamba kidole chenye chumvi akafungua ukurasa wangu, akaanza kucheka. Akamwita mwenzake anayeuza soksi aje aone. Halafu akasimama akasoma kwa sauti ile sehemu kiumbe anamfunika dada na mkia asipate baridi, na watu wanaongoja matatu pale wote wakageuka, mzee mmoja akasema "Haki dunia imeisha." Nikamwambia, kijana yangu, mimi nilikulipia kitabu kizima. Unajua alinijibu nini? "Auntie, si ni mambo ya mazimwi tu, mwisho si lazima anammeza? Malizia na akili yako. Ungekuwa umenunua Biblia ningekubadilishia."

Ungekuwa umenunua Biblia.

Sikuongea. Nilichukua kitabu changu nikaondoka na mikono inatetemeka, na siku hiyo nilimchoma mteja sikio na pasi ya nywele, kitu sijawahi kufanya, nikamsuka bure. Hivyo huyo kijana namdai heshima, elfu moja mia mbili, na kichwa kimoja cha rasta.

Hasira ikikupanda inachoma hata vile unavyovipenda. Jioni hiyo nilianza kuvichukia vitabu vyote vya aina hii. Nikamkumbuka Ruby Dixon ambaye ndiye aliniingiza huku, yule mwandishi wa kitabu cha Ice Planet Barbarians, aliyejichapishia mwenyewe mwaka wa 2015 na miaka sita baadaye watu wa TikTok wakampandisha mpaka kampuni kubwa ya Marekani ikakitoa upya kwa karatasi. Nilikisoma kwa simu kwa siku mbili. Lakini hebu tuseme ukweli, pale kwenye ile sayari ya barafu kuna mdudu anaingizwa mwilini mwako, bila yeye hewa ya pale inakuua, na mdudu huyo ndiye anayenguruma kukuambia huyu hapa ndiye mume wako mtazaa. Sasa hiyo ina tofauti gani na shangazi zako kukaa sebuleni na kukuchagulia? Kila mtu anasema ni raha eti hakuna wasiwasi, mmeandikiwa. Mimi ndoa ya kuandikiwa naijua. Na wale wasichana wenyewe walifika huko kwa kuibwa! Usiku ule nilisema sisomi tena, nawapa wasichana wa saluni vyote wagawane.

Asubuhi nikawa nimevirudisha kwa kabati. Kwa sababu hata ndani ya hiyo hiyo ya barafu, yule jamaa wa bluu, kiumbe mwenyewe, anajifunza. Anakosea, anaambiwa, anajifunza.

Na tena wanaosema haya ni mambo ya wazungu, sijui walilelewa wapi. Nyanya yangu, dani tulivyokuwa tunamwita, alitusimulia Luanda Magere wa kule Kano tukiwa wadogo na moto umekaribia kuzima. Mwanaume ambaye mwili wake ni jiwe, mikuki ya maadui zake Lang'o, yaani Wanandi, inamgonga inadunda. Wakampelekea binti mrembo amwoe ili achunguze siri. Siku moja Magere akaugua akamwambia mke achanje kivuli chake apake dawa, si mwili, kivuli, na damu ikatoka. Binti akakimbia kwao akasema, vita vilivyofuata wakadunga kivuli, Magere akafa akawa mwamba. Wote tulikuwa tunauliza vile alikufa. Mimi nilikuwa namuuliza dani, huyo bibi alipokuwa anakimbia alilia? Alilala vipi na mtu wa jiwe miezi yote hiyo, hakumpenda hata kidogo? Dani alinyamaza kidogo akasema, "Nyathina, mtoto wangu, hiyo hakuna mtu aliuliza." Na yule Nyamgondho wa Gwassi aliyevua mwanamke kutoka ziwani, akatajirika, halafu kwa ulevi akamtukana, mwanamke akarudi majini na ng'ombe wote wakamfuata. Hizo ni nini kama si ndoa ya binadamu na kiumbe? Mimi nimekua nikizingoja hizi riwaya kabla sijajua zipo.

Basi. Turudi kwa kurasa zangu.

Nilikaa kama mwezi bila mwisho. Na nitawaambia kitu, ule mwezi sikuacha kufikiria. Nikiwa nasuka najiuliza, aligonga mara tano akangoja, jibu lilikuwa ngapi? Nilikuwa nimeshaamua ni sita. Anaongeza moja kama siku ya kwanza. Anauliza: wewe unataka nini? Na dada anabaki, ama anaenda, lakini ameulizwa.

Halafu mteja mmoja akaniambia dada yake aliye chuoni Maseno anacho kitabu hicho kwa simu. Yule msichana, Mungu ambariki, alikaa akanipigia picha za kurasa zote kutoka 273 mpaka mwisho, akanitumia moja moja. Nilifunga saluni mapema. Nikakaa.

Kiumbe anatoka majini. Kumbe alikuwa amerogwa, sijui mitambo ya mababu zake, sijui nini, magamba yanaanza kudondoka yote, macho mawili yanajifunga, na pale chini amesimama mwanaume mrefu ana nywele, ana kifua, na anaongea. Anaongea Kiingereza safi! "Nimekuwa nikikusubiri." Bomba limeanguka kwa maji na hakuna mtu analiokota. Hakuna mtu aligonga. Lile swali la mara tano halikujibiwa mpaka kitabu kinaisha.

Nililia mpaka mtoto akaja kuniuliza nani amekufa.

Najua hii tabia ni ya zamani. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve kule Ufaransa, 1740, aliandika ile ya Mrembo na Mnyama, na pale pia mwisho mnyama anakuwa mwana wa mfalme. Lakini sasa ni karibu miaka mia tatu jamani! Guillermo del Toro, mwongozaji wa filamu, alituonyesha mwaka wa 2017 kwenye The Shape of Water kwamba kiumbe anaweza kubaki kiumbe mpaka dakika ya mwisho, na ikapewa Oscar ya filamu bora. Kwa hivyo usiniambie wasomaji hawataki. Tunataka. Mwandishi amenipa kurasa 272 za kupenda mtu jinsi alivyo, halafu ananiambia zawadi ya kumpenda jinsi alivyo ni kwamba atabadilika. Hiyo kwangu ni tusi kubwa kuliko la njugu.

Nyota nilitaka kutoa moja. Kisha nikakumbuka ile mara tano na ile moja ya kuongeza, siwezi, mkono unakataa. Mpaka ukurasa wa 272 ni tano kamili, na kama ningeweza kutoa sita ningetoa. Muuzaji hana nyota. Ukinunua vitabu vya stendi fungua nailoni pale pale mbele yake, hesabu kurasa mpaka ya mwisho, hata akikunja uso.

Juzi amenitumia ujumbe. Ati kopi nzima imefika, nipeleke hii yangu mbovu anibadilishie, na ameandika "pole auntie". Kitabu kiko hapa karibu na draya, kinaisha dada akiwa ndani ya maji amegonga mara tano. Bado sijamjibu.