Nimepimwa kwa makala za mtu mwingine: uzoefu wangu na huduma ya kupima mwonekano wa wahadhiri mtandaoni

Huduma hii, ambayo chuo chetu kiliilipia ili ipime jinsi utafiti wa wahadhiri unavyoonekana mtandaoni, imenikera kiasi cha kunifanya niandike, ingawa si desturi yangu kutoa maoni ya hadharani kuhusu programu. Sitaeleza ina vipengele gani, kwa kuwa hayo yamo kwenye tovuti yao na yamepambwa vya kutosha. Nitaeleza jinsi ilivyonigeuza kuwa mtaalamu wa magonjwa ya samaki.

Mimi hufundisha isimu. Nilipofungua ukurasa wangu, muhula uliopita, nilikuta juu kabisa, kwa herufi nene, makala kuhusu vimelea vya samaki wa kufugwa, iliyotajwa na watafiti wengine mara nyingi kuliko maandishi yangu yote yakijumlishwa. Makala zangu za awali hazikuwamo. Nilizipata baadaye katika wasifu wa pili, wa mtu mwenye herufi ya kwanza ya jina langu pamoja na jina langu la ukoo, asiye na picha wala chuo. Chanzo chake kinajulikana: jarida moja hutaka jina kamili, jingine huridhika na herufi ya kwanza, kisha mashine hukisia nani ni nani. Ndiyo sababu ORCID, shirika la kuwatambulisha watafiti, ilianza kutoa namba mwaka 2012, ili kila mtafiti awe na yake ya tarakimu 16, asichanganywe na wajina wake. Namba hiyo ninayo, imechapishwa katika makala zangu za miaka ya karibuni, na huduma hii inajigamba kwamba inaisoma.

Anayeliona hili kuwa jambo dogo hajui fahirisi ya h inavyohesabiwa. Kipimo hicho, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hutafuta idadi kubwa zaidi ya makala zako ambazo kila moja imetajwa walau mara sawa na idadi hiyo. Mwenye makala 12, kila moja ikiwa imetajwa mara 12, ana fahirisi ya 12. Ugawe wasifu wake, makala 6 huku na 6 kule, na kila upande utabaki na 6. Hakuna makala iliyofutwa, lakini mhadhiri amekwisha kuwa nusu ya alivyokuwa.

Niliwaandikia dawati la msaada kwa adabu, nikaambatisha orodha ya machapisho yangu na namba ya ORCID. Baada ya kimya kirefu nilijibiwa na mtu ambaye hakujitambulisha wala hakunisalimu, akisema kwamba mfumo wao hutumia algoriti iliyothibitishwa na kwamba alama hazibadilishwi kwa maombi ya mhusika, kwa sababu za uadilifu. Uadilifu! Nilikuwa ninaomba niondolewe sifa nisizostahili, nami sijawahi kusikia mwizi anayebisha hodi ili arudishe mali. Nilipowaandikia tena, jibu lilikuwa fupi zaidi: wanaolalamika, kwa uzoefu wao, ni wenye alama ndogo.

Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yenye kanuni 10 za kutumia vipimo vya utafiti, inasema katika kanuni ya tano kwamba wanaotathminiwa waruhusiwe kuhakiki data na uchambuzi wake. Sikuwa nadai hisani, basi.

Kwa haki, nikiri kwamba huduma hii ilinionyesha jambo moja lililonifurahisha sana: sura ya kitabu niliyodhani imekwisha kufa imetajwa katika makala ya Wikipedia, jambo ambalo Google Scholar, injini ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, haikuwa imenionyesha. Kwa hilo peke yake nilikaribia kuisifu. Lakini hata hapo kuna ukungu, kwa sababu Google Scholar hukusanya tasnifu na ripoti pamoja na makala, Scopus, hifadhidata ya machapisho ya kitaaluma, hubaki na yaliyochujwa, na mtu yuleyule hutoka na takwimu tofauti kila anapopimwa. Huduma hii huzichanganya zote katika alama moja bila kusema ni ipi imetoka wapi. Mwenzangu anayeandika vitabu, tena vitabu vinavyosomwa kweli, anakaribia sifuri kwa kuwa vingi havina DOI, ile namba ya kudumu inayotambulisha chapisho mtandaoni.

Nilipoanza kuandika maoni haya nilikusudia kusema kwamba ni chombo kizuri chenye wahudumu wabovu, na nilikuwa tayari kutoa nyota tatu. Kisha mkuu wa idara akasambaza orodha ya alama hizo kama mojawapo ya vigezo vya kupandisha vyeo, nami nimo karibu na kileleni, nikiwa nimebebwa na samaki, juu ya huyo mwenzangu wa vitabu. Nimemwandikia mkuu wangu kueleza kosa lilivyo. Amenijibu kwamba nifuatilie na dawati la msaada.

Nyota moja. Ya pili nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya ile sura ya kitabu, lakini nimelisoma tena lile jibu fupi.