Friji ya Kwenye Gari Usiku Kucha: Ununue Umeme Gani?

Mara ya kwanza tulipolala ufukweni Ushongo na friji nyuma ya pikapu, tuliamka kolekole wetu wakiwa baridi safi, lakini gari haliwaki. Friji nilikuwa nimeivutia waya moja kwa moja kutoka betri ya gari, na mchangani pale gari halisukumiki. Tulisubiri mpaka akapita msamaria mwenye nyaya za kubusti.

Kosa lilikuwa la hesabu, basi tuanze na hesabu. Friji ya kompresa ya lita 45 hivi hula kama wati 50 inapounguruma, kisha hupumzika. Kwa joto letu la pwani, toka saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, itaunguruma jumla ya saa tano au zaidi kidogo. Hiyo ni wati-saa 250 (wati 50 mara saa tano), ukigawa kwa 12 ni ampea-saa 21 kwenye betri ya volti 12. Panga 30 uwe salama. Betri ya gari ya N70 (ya ampea-saa 70 hivi) haipendi kushuka chini ya nusu, na yangu ilikuwa imeshazeeka.

1. Betri ya pili ya lithiamu, ampea-saa 100. Ningeshauri hii kwa yeyote anayelala nje zaidi ya mara tatu nne kwa mwaka. Unaweza kutumia ampea-saa 80 bila kuiumiza, kwa hiyo inakufikisha toka Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi bila kuwasha injini. Chagua aina ya fosfeti ya chuma (LiFePO4), ndiyo tulivu zaidi. Inyanyue dukani: ya kweli huwa na kilo 10 hadi 13, na ikiwa nyepesi kama mkoba mtupu, iache. Usiifunge kwenye boneti, joto la injini litaiua. Iweke ndani au nyuma ya kiti. Gharama ambayo wengi huisahau ni chaja ya kuiunganisha na altaneta, yaani jenereta ya injini. Ya ampea 20 inarudisha karibu umeme wa usiku mzima kwa mwendo wa saa moja na kidogo, yaani kama safari ya Tanga hadi Pangani.

2. Pawa stesheni (boksi lenye betri na matundu ya umeme) ya wati-saa 500. Haihitaji fundi, na Tanesco wakikata inawasha taa nyumbani. Inatosha usiku mmoja. Friji ichomeke kwenye tundu la volti 12, si la 230, kwa sababu inveta ya ndani, inayogeuza volti 12 kuwa 230, inakula umeme bure. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama inajizima yenyewe friji inapopumzika. Zipo zinazofanya hivyo, na utagundua asubuhi samaki wakishaanza kunuka. Kuijaza kwa tundu la gari ni polepole mno.

3. Betri ya sola ya kawaida, ampea-saa 100. Rahisi kuipata, lakini nzito karibu kilo 30, na ni nusu tu unayopaswa kuitumia. Isipojazwa vizuri kila mara inakufa mapema.

4. Betri ya gari yenyewe. Kwa usiku mmoja tu, betri ikiwa mpya, na kikatizi cha friji (kinachoizima betri ikishuka) ukiweke ngazi ya juu kabisa ili kizime mapema.

Paneli ya wati 100 ni msaada mzuri wa mchana, ila chini ya minazi haikupi kitu. Na friji ndogo zisizo na kompresa usizinunue kwa kazi hii, zinavuta umeme muda wote.

Uchaguzi wowote ule, usibane pesa kwenye waya. Kutoka betri hadi nyuma ya pikapu nunua wa milimita 6 za mraba, na fyuzi ikae karibu na betri. Waya mwembamba unapoteza volti njiani, friji inadhani betri imekwisha na kujizima ilhali imejaa. Pia igandishe friji nyumbani kwa umeme wa ukutani tangu usiku wa kabla ya safari, ukiijaza chupa za maji, ili betri ikute baridi tayari ipo.