Gari la Kifahari kwa Barabara za Dar: Lipi Uchukue, Lipi Uliache Yadini

Mei 2022, mjini Stuttgart, Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé ya mwaka 1955 iliuzwa kwa euro milioni 135. Zilitengenezwa mbili tu. Mwaka 2019 Bugatti nao walionyesha La Voiture Noire kule Geneva: gari moja, mteja mmoja, euro milioni 11 kabla ya kodi. Nayapenda magari haya kwa moyo wote. Bugatti Chiron ina injini ya lita 8, silinda 16, turbo 4 na rejeta 10 za kuipoza, na mtu aliyewahi kufungua boneti anajua hapo watu wameumiza kichwa. Ila mjini kwetu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kwa tumbo lile la chini, matuta ya mtaani tu yangeshaling'oa bampa.

Anayetafuta ufahari Dar, mara nyingi anatafuta gari lililotumika. Mwaka juzi nilijifunza kwa maumivu. Nilichukua gari la Ulaya, viti vya ngozi, shokabu za hewa, bei ya yadini nzuri kabisa. Mwezi wa nne tangu nilinunue, asubuhi moja nikatoka getini Mbezi Beach nikalikuta limelala: upande wa nyuma umeshuka mpaka matao yamefunika tairi. Fundi wangu alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mfuko wa hewa wa shokabu, akanionyesha mpasuko mwembamba kama uzi. "Bosi, hii mjini haipo. Tuagize." Wiki sita nilipanda bodaboda. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza si bei, ni hili: spea yake na fundi wake wako wapi?

Kabla ya kupanga nani wa kwanza, piga hesabu ya kodi, maana hapo ndipo wengi huanguka. Chukua gari ambalo TRA, mamlaka ya mapato, wamelikadiria kuwa la shilingi milioni 50 mpaka linafika bandarini, injini imezidi cc 2,000 na umri umepita miaka 10. Ushuru wa forodha asilimia 25, juu ya jumla hiyo ushuru wa bidhaa asilimia 10 na wa uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Unafika milioni 103 na laki mbili na ushee, hapo hujagusa tozo ndogondogo wala usajili. Gari la thamani ileile lakini cc haizidi 2,000 na halijafika miaka 8 linaishia kama milioni 77 na nusu. Tofauti ya milioni 25 na zaidi, kwa umri na ukubwa wa injini tu. Viwango huguswa kwenye bajeti ya kila Juni, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha TRA siku ileile unayotaka kuagiza.

Namba moja kwangu ni Toyota Harrier iliyotoka Desemba 2013 na kuendelea, ile ambayo mtaani inaitwa Anaconda. Najua kuna watakaobisha kwamba Harrier si ufahari. Kaa ndani yake kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni, vioo vimefungwa, AC inafanya kazi, ndipo uniambie. Vizazi viwili vya kwanza viliuzwa nje ya Japani kama Lexus RX, na utulivu ule haukupotea. Injini ya lita 2.0 ina cc 1,986, inaingia kwenye ushuru mdogo. Spea ziko Kariakoo na Ilala, na fundi anayeijua humtafuti mbali. Siku ukitaka kuiuza, simu zinaanza kuita kabla hujamaliza kuandika tangazo. Ukichukua ya haibridi ya lita 2.5, kagua tundu la kuingizia hewa ya betri kwenye eneo la kiti cha nyuma. Vumbi la Goba na Madale hujaa pale, betri ikakosa hewa na kuchemka.

Ya pili ni Land Cruiser 200, V8 ya watu. Ilitengenezwa kuanzia 2007 mpaka 2021. Kwa uimara ingekaa ya kwanza, hilo silibishani. Inapita barabara ya Kigamboni ya ndani wakati wa masika bila kushtuka. Kilichoishusha ni pampu ya kituo cha mafuta. Nyingi zinazotoka Japani ni za petroli, lita 4.7 au 4.6, zenye matangi mawili ya jumla ya lita 138. Zidisha na bei ya lita iliyotangazwa na EWURA mwezi huu, kisha jiulize utajaza mara ngapi. Ukiipenda ndugu yake Lexus LX 570, kumbuka shokabu zake zinapandishwa kwa mafuta ya haidroliki, na matengenezo yake si ya gereji ya mtaani.

Ya tatu ni Crown Athlete. Nyororo, kimya, ya V6 lita 2.5 inavuta vizuri. Kwa anayeishi Mikocheni au Upanga na kufanya kazi Posta, inatosha. Kwa wa Goba, iache: tumbo liko chini, na nyingi zinasukuma kwa tairi za nyuma, kwa hiyo mlima wenye tope unakuwa shida.

Range Rover naiweka mwisho, na ninaandika hivi huku nikiitamani. Kuanzia toleo la 2012 bodi yake ni ya alumini. Haili kutu kama bati, na kwa hewa yetu ya chumvi hiyo ni sifa. Lakini ikigongwa, haitengenezwi na fundi wa kuchomelea bati. Imeunganishwa kwa gundi maalumu na ribiti. Shokabu zake ni za hewa, na mimi hadithi ya hewa nimeshaisimulia. Inunue kama una gari la pili na akiba ya matengenezo imekaa pembeni.

Gari lolote, omba karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, R maana yake liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kama limeshakaa mjini, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake na uangalie: maji ya mafuriko huacha mstari wa tope pale ambapo muoshaji hafiki. Inua kapeti, nusa, tazama reli za viti kama zina kutu. Linganisha namba ya chesisi na kadi, angalia deni la faini kwenye mfumo wa trafiki kwa namba ya gari. Nenda na fundi wako, si wa dalali, na mfike asubuhi bila kutoa taarifa. Weka kiganja juu ya boneti. Ukilikuta tayari limewashwa na injini imepata moto, ondokeni, maana injini ya moto huficha kasoro; rudini kesho yake mapema zaidi.